Somo: "Jina Halipatikani" – Tupime Kabla ya Kumshuku Mtu



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mashamba, juu ya maji na juu ya maneno ya chuki. Leo tunaingia katika chumba cha kompyuta. Pengine mtauliza: jambo hilo na amani vinahusianaje? Vinahusiana, kwa sababu siku hizi habari za mtoto aliyepotea, za ndugu aliyevuka mpaka na za msaada unaokuja hupita katika mashini hiyo. Mashini ikinyamaza, watu huanza kusema. Na watu wanaposema bila kujua, mara nyingi huishia kutaja jina la mtu au la kabila.

Somo hili lina makusudi matatu:

1. Kuelewa kwa nini kompyuta inaweza kusema "jina halipatikani" baada ya kupewa toleo jipya la kiini cha Linux.
2. Kujua hatua za kupima, moja baada ya nyingine, mpaka kosa lionekane.
3. Kujua maneno ya kuwaambia watu wakati kazi ya kupima haijaisha.

KISA CHA KUANZIA

Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini mambo ya ufundi yaliyomo hutokea kweli.

Kambini kuna chumba chenye kompyuta moja inayotumia Linux ya aina ya Ubuntu. Umeme wake unatoka kwa paneli za jua na batri. Kijana mmoja anakilinda chumba, naye ni wa kabila lenye watu wachache pale kambini. Jumatatu jioni kompyuta inaonyesha kwamba kuna toleo jipya la kiini. Kijana anakubali, kisha anaiwasha upya kama ilivyoagizwa. Asubuhi mama mmoja anafika.

"Mwanangu, kuna habari za mtoto wangu?"

"Bado, Mama. Tovuti haifunguki. Inasema jina halipatikani."

Mama anatoka nje na kusema alichosikia: jina halipatikani. Kufika saa sita maneno yamegeuka. Wa kwanza anasema majina ya watoto yamefutwa. Wa pili anasema yaliyofutwa ni majina ya watu wa kwetu tu. Wa tatu anasema aliyeyafuta anajulikana. Kijana anafunga mlango na kwenda kujificha nyuma ya kanisa.

Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi. Neno "jina" lilikuwa na maana moja kwa kompyuta, na maana nyingine kwa mama.

JINA LIPI HALIPATIKANI?

Katika intaneti kompyuta hutafutana kwa namba, kama 9.9.9.9 au 192.168.1.1. Sisi wanadamu hatuwezi kukumbuka namba nyingi, kwa hiyo tunaandika majina, kama wikipedia.org. Lazima kuwe na njia ya kuuliza: jina hili lina namba gani? Mpango unaofanya kazi hiyo unaitwa DNS.

Hapo mwanzo, huko Marekani, majina yote ya kompyuta yaliandikwa katika faili moja. Ilitunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI, huko California, na kila mahali palichukua nakala. Kompyuta zilipozidi, faili moja haikutosha tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alitunga DNS. Tangu hapo hakuna mtu mmoja anayeshika orodha yote. Kazi imegawanywa.

Fikirini mgeni anayekuja kambini kumtafuta ndugu yake. Mlinzi wa mlangoni hajui kila hema. Anamtuma kwa mkubwa wa bloku. Mkubwa wa bloku anamtuma kwa mkubwa wa mstari, naye ndiye anayeonyesha hema. DNS inafanya hivyo hivyo. Juu kabisa kuna seva za mzizi, zenye majina 13, kuanzia a hadi m. Hizo hazijui wikipedia.org iko wapi, lakini zinajua nani anatunza majina yanayoishia na .org. Huyo wa .org anajua nani anatunza wikipedia.org, na huyo wa mwisho ndiye anayetoa namba. Jibu likipatikana, linawekwa akiba kwa muda. Ndiyo maana wakati mwingine tovuti moja inafunguka na nyingine inakataa, ingawa kosa ni moja.

Hata nchi yetu ina sehemu yake katika mpango huu. Zaire ilikuwa na .zr. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997, tulipata .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa. Milima haikuhama wala mito. Ni jina tu lililobadilika.

Basi kompyuta ikisema jina halipatikani, inasema juu ya jina la tovuti, si juu ya jina la mtoto. Katika kisa chetu orodha ya watoto haimo ndani ya kompyuta ya kambi. Iko kwa shirika linaloitunza, mbali. Kompyuta ya kambi ni mlango tu.

KIINI KIMEKOSA NINI?

Kiini, ambacho mafundi hukiita karneli, ni sehemu ya ndani kabisa ya Linux. Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 huko Ufini. Ndicho kinachoongoza kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao. Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, imejengwa juu ya kiini hicho. Jina lake limetoka katika lugha za kusini mwa Afrika, na ni ndugu wa neno letu "utu".

Kugeuza majina kuwa namba si kazi ya kiini. Ni kazi ya programu nyingine zilizo juu yake. Kwa nini basi taabu huanza baada ya toleo jipya? Kuna sababu nne zinazojulikana:

a) Programu inayoendesha kadi ya mtandao haikutengenezwa kwa kiini kipya. Jambo hili huzipata zaidi kadi za Wi-Fi ambazo programu yake iliongezwa na fundi. Hapo rezo yote inapotea, si majina tu.

b) Toleo jipya lilikuja pamoja na programu nyingine, na mojawapo ikabadili mipango ya majina au ya ulinzi wa mtandao.

c) Kuna kitu kilichorekebishwa kwa mkono zamani, bila kuhifadhiwa mahali pake. Kompyuta ilipowashwa upya, rekebisho likapotea.

d) Batri ndogo ya saa imekufa, na kompyuta imewaka ikiwa na tarehe ya zamani. Hapo tovuti salama hukataliwa, na pale ambapo sahihi za DNS hukaguliwa, majina nayo hukataliwa.

Ona sababu ya tatu. Kiini kinashtakiwa kwa sababu kilikuwepo siku ile, lakini kosa lilikuwa limelala humo tangu zamani. Je, sisi hatujawahi kufanya hivyo kwa mwanadamu?

HATUA ZA KUPIMA

Kanuni ni moja: pima kiungo kimoja, andika jibu, kisha nenda kwa kinachofuata. Usibadili kitu chochote kabla ya kumaliza kupima. Tunashauri pia watu wawili wanaoaminiwa, mmoja wa kila upande, wakae kando ya fundi na kuandika majibu kwenye daftari. Hawahitaji kujua kompyuta. Wanahitaji kujua kusoma tu.

Hatua ya 1. Je, ni kompyuta moja au ni zote? Unganisha simu moja kwenye Wi-Fi ile ile, na uzime mega za simu yenyewe. Simu ikifungua tovuti, kosa limo ndani ya kompyuta. Katika kisa chetu simu ilifungua. Papo hapo neno la "wamekata rezo" lilianguka.

Hatua ya 2. Tazama tarehe na namba ya kiini, uziandike:

date
uname -r

Hatua ya 3. Je, kadi ya mtandao ipo, na ina namba?

ip address

Ukiona kifungu cha "lo" peke yake, kiini kipya hakioni kadi. Ni sababu a). Ruka hadi sehemu ya matengenezo.

Hatua ya 4. Je, tunafika kwenye ruta ya chumba? Tafuta namba yake baada ya maneno "default via", kisha uiite. Hapa tumeweka mfano:

ip route
ping -c 4 192.168.1.1

Hatua ya 5. Je, tunafika nje kwa namba, bila jina?

ping -c 4 9.9.9.9

Majibu yakirudi, intaneti ipo. Yasiporudi, usihukumu haraka, maana mitandao mingine huzuia ping. Linganisha na ile simu.

Hatua ya 6. Sasa uliza kwa jina:

getent hosts wikipedia.org

Ikiwa hatua ya 5 imefaulu na hii ikakaa kimya, kosa liko katika majina.

Hatua ya 7. Kompyuta inamwuliza nani?

cat /etc/resolv.conf
systemctl status systemd-resolved
resolvectl status

Katika Ubuntu ya siku hizi, amri ya kwanza huonyesha 127.0.0.53. Usishangae: hiyo ni kompyuta yenyewe. Ndani yake programu ya systemd-resolved inapokea maswali na kuyapeleka nje. Amri ya pili inaonyesha kama programu hiyo inafanya kazi. Ya tatu inaonyesha seva ya nje inayoulizwa.

Hatua ya 8. Uliza seva nyingine moja kwa moja, kama amri ya dig imo ndani ya kompyuta:

dig @9.9.9.9 wikipedia.org

Seva hiyo ikijibu wakati hatua ya 6 imekaa kimya, njia ya maswali iko wazi. Kosa ni anayeulizwa au programu inayouliza. Isipojibu, na ile ping ilifaulu, tazama kama ulinzi wa mtandao unazuia mlango namba 53, ambao maswali ya DNS hupitia.

Katika kisa chetu hatua ya 7 ndiyo iliyofunua kosa. Wiki mbili nyuma kambi ilibadili kampuni inayoiuzia intaneti. Fundi aliyekuja siku hiyo aliandika namba ya seva mpya kwa mkono ndani ya /etc/resolv.conf, kisha akaenda zake bila kumwambia mtu. Katika Ubuntu faili hiyo kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekea kwenye folda ya /run, na yaliyomo humo hukaa katika kumbukumbu ya muda. Kompyuta ilipowashwa upya, maandishi ya fundi yalipotea. Mipango yenyewe bado ilikuwa na namba ya seva ya kampuni ya kwanza, ambayo haiwajibu tena. Kijana hakufuta kitu. Kiini nacho hakikufuta kitu.

MATENGENEZO

Kama seva inayoulizwa ni ya zamani: iandike mpya katika mipango ya kudumu. Kwa kompyuta inayotumia NetworkManager, tazama kwanza jina la kiungo, kisha uliweke mahali tulipoandika JINA:

nmcli connection show
sudo nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "9.9.9.9 149.112.112.112"
sudo nmcli connection up "JINA"

Namba hizo mbili ni za Quad9, taasisi ya Uswisi inayotoa huduma ya DNS bila malipo. Mnaweza pia kutumia namba mlizopewa na kampuni yenu.

Kama systemd-resolved imelala, au faili ya resolv.conf haipo:

sudo systemctl enable --now systemd-resolved
sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Kama kadi haionekani: washa kompyuta na ufungue orodha ya kuwashia kwa kushika Shift, au kwa kubonyeza Esc katika mashini nyingine. Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha kiini cha zamani. Ubuntu hukihifadhi kiini cha nyuma kwa ajili ya siku kama hiyo. Rezo ikirudi, mna muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Tazama "dkms status" ili kuona programu ya kadi, na fundi aijenge tena kwa ajili ya kiini kipya. Msifute kiini cha zamani kabla ya hapo.

Kama tarehe si sahihi: irekebisheni, kisha mnunue batri ndogo ya saa.

Mkimaliza, iwasheni kompyuta upya mara moja zaidi, na mrudie hatua ya 6. Tengenezo ambalo halijapita jaribio hilo halijaisha. Andikeni siku, kosa na dawa yake katika daftari la chumba.

KWA VIONGOZI: MNASEMA NINI SAA SITA?

Hofu ya watu si upumbavu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo, nayo ilirudi Januari 2019, baada ya siku 20 hivi. Waliopitia jambo hilo wana haki ya kuuliza kama limerudi. Kwa hiyo msiwaambie watu "nyamazeni". Waambieni mmepima nini. Intaneti ikikatwa kwa amri, simu zote na kompyuta zote hukosa nje kwa pamoja. Kampuni ikizuia majina fulani tu, seva yake hukataa majina hayo, lakini seva nyingine huweza kuyajibu. Vipimo ni vile vile. Kupima hakumfichi mkosaji. Kunamwokoa asiye mkosaji.

Tangazo zuri lina mambo manne: tunachojua, tusichojua bado, nani anashughulika, na saa ya habari inayofuata. Kwa mfano:

"Tangu jana jioni kompyuta ya kambi haifungui tovuti. Simu kwenye Wi-Fi ile ile inafungua, basi rezo haikukatwa. Orodha ya watoto haimo ndani ya kompyuta hii, kwa hiyo haikuguswa. Chanzo bado hatujakijua. Fundi anapima, na Papa mmoja na Mama mmoja wanaandika majibu yake. Saa tisa tutarudi kuwaambia, hata kama hakuna jipya."

Jambo moja zaidi. Siku ya taabu anaweza kuja mtu mwenye simu nzuri na kusema: nipeni orodha, nitaituma mimi. Msimpe. Majina ya watoto waliotengana na wazazi, pamoja na mahali walipo, yanaweza kuwafikia wenye silaha au wauzaji wa watoto. Ni afadhali kungoja siku moja. Kama jambo ni la haraka, wafikieni watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao ni pamoja na kutafuta jamaa zilizotengana, kwa njia ya mdomo au ya karatasi.

KABLA YA TOLEO JIPYA LINALOFUATA

Msiache kupokea matoleo mapya, kwa kuwa yanaziba matundu ambayo wezi hupitia. Lakini chagueni siku ambayo fundi yupo na batri zimejaa, si usiku wa kuamkia siku ya mgawanyo. Andikeni namba ya seva ya DNS na namba ya ruta kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Tangazeni siku moja mbele. Na kila fundi anayegusa mashini aandike alichobadili kabla ya kutoka chumbani.

MWISHO WA KISA

Saa tisa tovuti ilifunguka. Jina la mtoto lilikuwa pale pale lilipoandikwa. Habari zake zilikuwa bado hazijaja, na yule mama aliambiwa hivyo bila kufichwa. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, walikwenda nyuma ya kanisa kumchukua kijana. Walimrudisha chumbani mbele ya watu wote, na mmoja wao akasoma daftari kwa sauti, hatua kwa hatua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kambi au mtaa wenu, ni neno gani la ufundi au la ofisi ambalo watu wamelielewa vibaya? Matokeo yalikuwa nini?
2. Wa kwanza, wa pili na wa tatu katika kisa chetu walisema maneno tofauti. Wewe ungemzuia yupi, na kwa maneno gani?
3. Fundi aliyeandika namba kwa mkono hakuwa na nia mbaya. Je, anastahili kuitwa? Kwa ajili ya kumwadhibu, au kwa ajili ya nini?
4. Watu gani wawili mngewachagua kuandika majibu ya vipimo? Kwa nini hao?
5. Tengenezeni pamoja tangazo lenye mambo manne juu ya kitu kilichoharibika kwenu, iwe pompa ya maji, moteri au redio.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Tunawaomba viongozi wasome somo hili pamoja na walinzi wa vyumba vya kompyuta, na nakala moja ibaki kando ya mashini. Amani iwe nanyi.